Kuitikia Haraka Mno

Mgeni mwenyewe alikuwa mama wa Kijerumani, mtu mzima, mwenye kofia ya ukindu na soksi alizovuta mpaka chini ya magoti. Shida yake ilikuwa moja tu. Alitaka kumwona faru bila kuona magari. Mwaka juzi mjukuu wangu Nelson, dereva wa watalii, alimshusha kreta, lile shimo kubwa la wanyama, faru akatokea, na kabla yule mama hajatoa darubini kwenye mfuko, magari ya kampuni nyingine yakawa yamefika kama nzi kwenye kibuyu cha maziwa. Mwaka jana ikawa vilevile. Yule mama akafumba macho, akamwambia Nelson kwa upole kwamba huyo si faru, hiyo ni stendi ya mabasi.

Mwaka huu akaandika kwamba anarudi, atashuka kreta siku mbili, na dereva awe Nelson. Meneja wao, Martini, akamwita Nelson uwanjani kwao pale Karatu, mbele ya wanaoosha magari, akamwambia, "Huyu mama akiondoka tena na stendi yake, utanikabidhi ufunguo wa gari, urudi kwenye ndoo." Nelson aliosha magari ya wenzake miaka mingi kabla ya kupewa usukani. Naijua ile ndoo. Ilimpa fangasi za vidole vya miguu hata harusini kwake akavaa soksi mbili.

Sasa nieleze habari ya redio, maana bila hiyo mtu hataelewa. Zamani madereva walikuwa wakiambiana kwa redio za magari, "Mzee wa pembe yuko msitu wa Lerai," na kila mwenye redio anasikia, naye anakuja. Ndipo Lilian, dada yake Nelson, aliyesomea kompyuta Arusha, akawatengenezea programu. Dereva anaandika ujumbe kwenye kidude kidogo kilichobandikwa karibu na usukani, programu inauvuruga ujumbe, inaurusha kwa redio. Kwenye gari la mwenzake wa kampuni unafunguka, anausoma. Kwenye redio ya mtu mwingine hakuna neno, ni mlio tu, kriii, kama panzi. Lilian alisema hata mwenye mnara hawezi kuusoma, na alisema kweli.

Lakini magari yaliendelea kuja. Nelson akaanza kuwatazama wenzake kwa jicho la pembeni, akidhani kuna mmoja anayeuza siri. Hata Senteu, dereva wao mkubwa, mtu wa kwetu Enguserosambu aliyekula kwangu mara ngapi sijui, alianza kuulizwa maswali ya ajabu.

Aliyeuza siri alikuwa ng'ambo ya ua wangu. Jirani yangu ni Hamisa, muuza vitumbua, na mwanawe Dauda ni dereva wa kampuni nyingine. Asubuhi moja nilikuwa nachambua maharage, Lilian anasuuza nguo nyuma ya nyumba, Dauda akaegemea ua, kitumbua mkononi.

"Shikamoo, Koko." Ndivyo tunavyomwita bibi kwetu.

"Marahaba. Jana mmemfuata tena mwenzako."

"Tumemfuata, Koko. Faru ni wa wote, au mmempiga chapa?"

"Nani anakuambia aliko? Ni Senteu?"

"Senteu ananiambia nini yule? Hata salamu siku hizi ananipimia kwa kijiko." Akatafuna kwanza. Dauda hawezi kukaa na ujanja wake tumboni, utamuumiza. "Koko, mimi sisomi hata herufi moja. Nasikiliza panzi. Panzi mmoja akilia, huyo katoa habari. Wenzake wakikaa, wakikaa, halafu mmoja analia kivivu, na mwingine baadaye huko, hao ni nyumbu. Lakini mmoja akilia na wote wakadakia hapohapo, kriii, kriii, kriii, nawaambia wageni wangu wakae vizuri. Natafuta gari lenu la kijani lililosimama, nalifuata kwa adabu."

"Na kama ni simba?"

"Simba wanaitikiwa katikati. Simba tumewazoea."

Lilian alikuwa amesimama nyuma yangu na beseni. Akaliweka chini taratibu, maji yakamwagikia miguu yake, hakuona. Dauda alipoondoka akaniambia, "Koko, hakuvunja mlango. Amekaa nje anasikiliza mlango unachukua muda gani kufunguka, basi akajua ndani kuna nini. Nimefunga maneno, nimeacha muda wazi."

Mimi nilimwelewa, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la kwetu kabisa. Kwetu watu wakikutana wanakula habari. Mmoja anasimulia tangu pale mlipoachana, ng'ombe, mvua, wagonjwa, njia, na mwenzake anaitikia kila kituo: ee. Usipoitikia, msimuliaji anasimama palepale kama ng'ombe aliyefika mtoni, havuki. Na habari nzito inaitikiwa upesi, mtu hajipangi, inamtoka. Wale madereva wengi wao ni watoto wa maboma. Walipewa kidude cha siri, wakakitumia kama walivyolelewa. Mmoja akiandika "Nyumbu, upande wa ziwa," wenzake wote, kila mmoja kwenye gari lake, wanaandika: Ee.

Jioni ile Lilian akawaita kwangu. Wakajaa sebuleni na chai yao.

"Msiitikie," akawaambia. "Mkisoma, nyamazeni."

Senteu akamtazama kama mtu aliyeambiwa apite mbele ya wazee bila kuinamisha kichwa. "Mtu akupe habari, unyamaze?"

"Ndiyo, kaka. Unyamaze."

"Kama nimekufa?"

Wakajaribu kunyamaza siku moja. Senteu alivumilia mpaka fisi wa kwanza. Kesho yake Lilian akawaambia, basi, kila mtu akisoma ahesabu kwanza hadi ishirini ndipo aitikie, awe nyumbu awe faru. Wakahesabu. Ila wakiambiwa nyumbu walihesabu kama watoto wa chekechea, na wakiambiwa faru walihesabu kama dalali wa vitunguu Mang'ola lori likiwa linawashwa. Dauda akaja uani kunisalimia, anacheka peke yake.

Lilian akasema dawa ya kweli ni kuiandika programu upya, kila gari liwe linalia kwa kipimo kilekile, lina neno halina neno, hata Dauda asikie mvua tu. "Lakini si kazi ya usiku mmoja, na mgeni anashuka kesho. Kwa sasa tunahitaji mtu wa kuijaza redio. Mtu anayeweza kuongea kutwa nzima asichoke, na asiwe na la maana."

 Niliinua macho kutoka kwenye maharage, nikakuta wananitazama wote.

"Sina la maana?" nikauliza.

"Koko, si hivyo," Nelson akasema. "Ni kwamba una mambo mengi."

Basi Lilian akaiunga simu yangu na mnara wa kampuni ulioko ukingoni mwa kreta. Alfajiri, magari yakishuka, nikaketi kwenye kigoda mlangoni nikaanza kuandika kwa kidole kimoja, kituo kwa kituo. Kwamba umande ulikuwa mwingi. Kwamba sufuria lenye mpini uliolegea limelegea zaidi. Kwamba goti la kulia limeamka kabla yangu, la kushoto bado limelala. Na kutoka huko chini, mmoja mmoja, bila haraka, ikarudi: Ee. Ee. Ee, Koko. Lilian alikaa na redio ya kawaida iliyokuwa inapiga kriii nyumba nzima, uso wake ukafunguka. "Hapo hapo," akasema. "Wewe ni nyumbu safi kabisa."

Ningeendelea hivyo mpaka jioni, ila nikaingia stoo kuchukua kitunguu.

Nina bata mzinga jike, zawadi ya shemeji yangu wa Endabash. Mayai yake yalikuwa yameliwa na kicheche, na sikujua moyo wake umeyabeba vipi. Siku ile nikamkuta amekalia kapu la vitunguu vyekundu vya Mang'ola. Amevitandaza, ameviviringisha kwa mdomo kimoja kimoja, amevifunika kwa mbawa. Nikapeleka mkono, akanidonoa. Nikarudi kwenye kigoda changu nikaandika kama ilivyo, maana habari haifichwi: bata mzinga anaatamia vitunguu.

Redio ilinyamaza kidogo tu. Halafu ikapasuka.

Ee. Ee. Vyote? Ee Koko. Amekudonoa wapi? Ee. Anavigeuza? Ee. Usivitoe. Senteu peke yake aliandika mara nne. Lilian alishika kichwa. "Koko, umefanya nini? Hawa wanaitikia kama faru."

"Wanaitikia kama watu," nikasema. "Ni habari."

Huko chini, nilivyosimuliwa, Senteu alikuwa ameegesha karibu na bwawa la viboko ili asome vizuri. Dauda akasikia panzi, akaona gari la kijani limesimama, akalikimbilia, na nyuma yake wengine, wakajipanga pale kuangalia viboko ambao waliwaona tangu asubuhi. Hilo lingekuwa zuri kwetu. Lakini Nelson naye alikuwa amesimama. Alikuwa amejiinamia kwenye kidude anaandika "Mpe maji karibu, asiinuke," na faru akavuka barabara nyuma ya gari lake akaingia kwenye nyasi. Yule mama aliona mkia.

Nelson alirudi hakuvua viatu. "Koko, leo nimepishana na faru kwa sababu ya bata mzinga."

"Pole, mwanangu."

"Alinigonga begani, yule mama. Naangalia, anaonyesha nyasi. Ameniuliza nilikuwa nacheka nini."

"Ukamwambiaje?"

"Nimwambie nini, Koko? Kijerumani cha vitunguu nakijua mimi?"

Hamisa alikuwepo, ameniletea vitumbua. Akauliza kwa sauti ya chini vitunguu hivyo vimefikisha siku ngapi. Nelson akatoka nje.

Asubuhi alikuwa ameamua. Akafunika kidude chake kwa kofia, akaifunga kofia kwa kamba ya kiatu. Akasema atainua kofia kwa jambo moja tu, kutangaza faru, kwa kuwa ndiyo sheria ya kampuni: ukimwona utangaze, wenzako wasubiri mbali mpaka uwaite. Kusoma, hatasoma. Na Lilian akaniambia mimi, mkono begani, "Koko, leo maharage. Maharage tu. Usiwape ndege."

Nikakubali. Lakini nilikuwa nimeshapita stoo. Kitunguu kimoja, kilichokuwa chini ya kifua cha yule bata, kilikuwa kimetoboa. Jani la kijani, urefu wa kidole, limejitokeza katikati ya manyoya, na bata mzinga ameinamisha kichwa upande, analitazama kwa jicho moja. Mimi nimezaa, nimezalisha, nimefukuza fisi zizini. Sijaona uso kama ule. Niliandika kila kitu kwenye simu, nikasahihisha, halafu nikakumbuka ahadi yangu kwa Lilian. Nikauacha ujumbe umekaa, sikuutuma. Kukaa na habari kama hiyo tumboni si mchezo, hasa ukiwa umeshaiandika.

Nikatuma maharage. Nikaeleza yaliyotobolewa na wadudu na yasiyotobolewa. Ikarudi: Ee. Halafu Senteu: Ee, na vitunguu? Nikatuma habari ya mawe madogo ndani ya maharage. Ee, na bata? Mwingine: Koko, ameamkaje? Niliwaambia wangoje, kuna kazi. Wakaitikia polepole, kwa huzuni, kama watu waliokaribishwa chai wakaletewa maji. Lilian aliisikiliza redio, akatikisa kichwa kwa furaha. Nyumbu.

Karibu na saa ya chakula cha mchana simu yangu ikaonyesha jina la Nelson.

*Faru. Lerai, ndani ya miti. Amesimama. Msije.*

Nililijua lililokuwa linakuja. Senteu na wenzake walikuwa wanaendesha. Wangechukua muda kidogo kuegesha na kutazama kidude, kisha wangedakia wote kwa pamoja, na Dauda angesikia. Wakishaitikia wangeondoka, na gari la kijani ambalo lingebaki limesimama ni moja tu, la Nelson. Nikamwona Nelson na ndoo. Sikumtazama Lilian. Nikabonyeza.

*Kitunguu kimoja kimetoboa. Mama yake anakitazama.*

Lilian alinipa moyo au alinikemea, sikusikia, kwa sababu redio ilikuwa imekuwa shamba zima la panzi. Ee. Kimetoboa? Ee. Kijani? Ee, Koko. Amekidonoa? Ana hasira? Amekikubali? Ee. Ee. Walifungua kidude, wakakuta jumbe mbili, na hakuna hata mmoja aliyeangalia wa chini. Wa Nelson ulibaki pale peke yake, haukupata hata ee moja.

Lilian akaja akasimama nyuma yangu, akasoma simu juu ya bega langu. Akakaa chini sakafuni. "Hakuna aliyemwitikia," akasema polepole. "Kwa masikio ya Dauda, Nelson hajasema kitu. Atawafuata waliosimama kwa ajili ya kitunguu."

Yaliyotokea huko chini nilisimuliwa na Senteu mwenyewe. Alisimama ghafla barabarani akiwa na wageni wake wanne. Dauda akamfikia kwa vumbi, na nyuma yake mstari wa magari usioonekana mwisho, kila gari na vichwa vimetokeza juu ya paa. Dauda akashusha kioo.

"Yuko wapi?"

Senteu, macho kwenye kidude, akajibu, "Yuko stoo."

"Stoo gani?"

"Ya Koko. Lakini usiende sasa, ametoa mtoto."

Dauda akamkazia macho. "Faru ametoa mtoto stoo kwa Koko."

"Nani kakuambia faru?"

Wageni wa Dauda walikuwa wanapiga picha wakati wote, wakidhani kitu kizuri kiko nyuma ya Senteu. Senteu anasema walipiga sana. Baadaye mmoja akauliza mnyama anaitwaje, na Dauda, kwa kuwa ni mtu wa kazi, akamtajia ndege mdogo aliyekuwa juu ya jiwe.

Jioni wakaja kwangu. Kwanza Senteu na wenzake, moja kwa moja mpaka stoo, wakavua kofia mlangoni. Wakatazama. Bata mzinga naye akawatazama. Mmoja akasema jani linafanana na mjomba wake wa Endabash, wakamwambia anyamaze, mama anasikia. Dauda akaingia kwa geti la mbele kama mgeni, akatazama naye. "Hiki ndicho nilichokifuata," akasema mwishowe.

"Kwa adabu," nikamkumbusha.

Kisha Nelson akafika. Hakuingia stoo. Aliketi kwenye benchi, funguo zimo mfukoni, nilizisikia zikigonga mbao, lakini uso wake ulikuwa umefunga. Lilian akamuuliza imekuwaje, akasema imekuwa. Akauliza tena, ndipo yakamtoka.

"Nimetangaza faru," akasema. "Mimi. Faru, dume, peke yake, hatua chache kutoka kwenye gari. Redio inalia kriii, kriii. Nimeinua kofia kuangalia chini ya ujumbe wangu tu, nani ameniitikia. Hakuna. Mtu ambaye habari yake haiitikiwi, huyo si amekufa? Nimekaa pale nikajiuliza kama nimekufa."

Senteu aliona aibu, akaweka kikombe chini. "Ndugu yangu, nilikuwa na..."

"Najua ulikuwa na nini. Nimeambiwa barabarani na mtu wa mafuta. Ulikuwa na kitunguu."

Dauda, aliyeegemea mlango wa stoo, akasema taratibu kwamba yeye pia amepoteza siku, na hakuna anayempa pole. Hakuna aliyempa.

Lilian akajaribu kumweleza kaka yake kwamba ule ukimya ndio uliomwokoa, kwamba angeitikiwa angefuatwa. Alieleza vizuri, kwa mifano. Nelson akasema anaelewa kabisa, na bado ana hasira. Nikaona hilo si la kompyuta. Nikavuta kigoda changu mpaka mbele ya magoti yake.

"Anza pale ulipoondoka hapa," nikamwambia.

"Koko, nimechoka."

"Anza."

Akakohoa. Akaanza kama inavyoanza. Akasema waliondoka salama, njia haikuwa na baya.

"Ee," nikasema.

Akasema ukungu ulikuwa ukingoni, getini wakangoja, yule mama akavaa koti la pili juu ya la kwanza.

"Ee."

Akasema waliposhuka aliona nyumbu wengi na hakusimama. Akasema waliingia chini ya miti ya Lerai kutafuta kivuli ili mama ale, akafungua boksi la chakula, na faru alikuwa amesimama pale, kana kwamba ameagizwa kungoja. Senteu akaitikia kabla yangu, na wenzake wote nyuma yake, kwa pamoja, upesi. Nelson akawatazama mmoja mmoja. Bega lake la kushoto lilishuka, halafu la kulia.

Akasema mama hakupiga picha. Ee. Akasema alimenya yai la kuchemsha polepole mno, akaweka maganda kwenye kofia yake yasidondoke, na faru akatafuna, naye akatafuna, na hakuna aliyemharakisha mwenzake. Ee. Akasema waliporudi ofisini mama alimshika Martini mkono, akasema maneno machache tu, na Martini akamgeukia yeye Nelson akamwambia kesho awahi kujaza mafuta, ana wageni wengine wa kushusha.

Dauda akafungua kinywa aitikie ile ee ya kufunga habari. Nikamzuia kwa kiganja, maana Nelson alikuwa hajamaliza. Alikuwa bado hajasema faru alikuwa anaelekea upande gani.